Usiseme Sawa

Jumatatu, 3 Machi

Saa moja kamili asubuhi nimeita vituo. Ahero wamejibu. Maseno wamejibu kwa ile redio yao inayokoroma. Bondo wamejibu wakitafuna kitu, mandazi nadhani. Usenge ni wa mwisho kwenye orodha. Huwa nakunywa chai yote kabla sijafika hapo ili sauti isinikwame.

"Usenge hapa. Nakusikia vizuri. Watu wawili, boti moja, mafuta yametosha."

Maneno kumi. Nimeyahesabu. Hiyo ndiyo ndoa yangu sasa, maneno kumi kwa siku, na siku nisipokuwa zamu sipati hata moja.

Owino ndiye nahodha wa boti ya uokoaji kule Usenge. Mimi napokea simu za dharura na kuongoza redio hapa Kisumu, kwenye nyumba ya zamani huku Milimani ambayo serikali iliigeuza ofisi. Tumeoana miaka ishirini na mmoja. Nje ya redio hatujasemezana tangu Agosti. Kwenye redio vituo vyote vinasikiliza, na kila kitu kinarekodiwa, kwa hiyo siwezi kumwita Baba Lavenda. Namwita Usenge, kana kwamba nimeolewa na ufuo mzima.

Nimemrudishia maneno yake kama kanuni inavyotaka. Nimeyasema polepole kuliko nilivyowasemea Bondo. Wycliffe, mwenzangu wa zamu, alinitazama kisha akajifanya anatafuta kalamu.

Jumanne, 4 Machi

Wycliffe amebandika upya ile karatasi ukutani. Ilikuwa imeanza kung'oka pembeni, nami nilikuwa nikiombea ianguke kabisa. Wino mwekundu, herufi kubwa: USISEME SAWA. RUDIA ULICHOSIKIA.

Wageni wakija Madam, mkuu wetu hapa, huwaonyesha karatasi hiyo kwa fahari. Hawaambii ilitoka wapi. Ilitoka kwangu.

Wacha niiandike mara moja nimalizane nayo. Julai mwaka jana Owino alikuwa bado dereva wa ambulensi hapa mjini. Trekta la miwa lilipinduka na nikamtuma. Simu ya pili ikaja, ya trekta la miwa tena, barabara ile ile. Nikaona ni watu wawili wanaripoti jambo moja, nikaifunga. Owino alipofika, watu wakamwambia kuna ajali nyingine mbele, kilomita kadhaa. Akaniambia kwenye redio, wazi kabisa. Nilikuwa na simu sikio la pili, mama fulani analia. Nikamjibu, "Sawa." Sikuwa nimesikia hata neno.

Yeye akaamini nimetuma gari lingine. Mimi sikutuma chochote. Mzee wa pikipiki aliyegongwa na trekta la pili akalala kando ya barabara dakika hamsini. Alipona, ila mguu ulikatwa.

Madam akataka ripoti kutoka kwa kila mtu. Owino akaandika ukweli: kwamba alinipa habari, kwamba nilisema sawa, kwamba sikurudia. Niliyajua hayo kwa kusomewa mbele ya kamati ya watu saba, mume wangu ameketi kiti cha tatu. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimempikia uji. Alikuwa ameunywa wote.

Nikapewa onyo. Nyumbani nikamwambia mwanamume anayeandika mkewe kwenye ripoti atafute mahali pengine pa kulala. Akatafuta. Akaomba Usenge, wakampa.

Sikuwahi kumwambia kwamba alichoandika kilikuwa kweli.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesonga ugali wa watu wawili tena. Miezi saba na mkono haujajifunza. Nimekula robo, uliobaki nimempelekea mlinzi wa ploti, ambaye sasa naona ameanza kunenepa.

Lavenda, binti yetu, amepiga simu kutoka chuoni Maseno. Anasema baba yake amekonda. Amesema pia anakohoa kidogo. Amesema kisha akanyamaza, akingoja niulize. Nikamuuliza kama ana nguo za baridi. Ni mimi niliyemlea, kwa hiyo anajua kunyamaza kuliko wengi.

Nataka kujua anakohoa kikohozi gani. Kikavu au cha kifua? Nimeshinda nacho kichwani.

Ijumaa, 7 Machi

Owino amemwandikia Madam barua. Madam amenipa niisome kwa sababu inahusu redio. Mwandiko ule ule wa kuegemea kushoto. Nimeunusa ule ukurasa, jamani, mtu mzima mimi. Unanuka dizeli.

Anasema hivi. Boti ikipata shida ziwani, wa kwanza kufika ni wavuvi, wala si yeye. Wavuvi hawana redio. Wanapigia simu ndugu zao, ndugu wanapigia wengine, na yeye anapata habari tatu tofauti za tukio moja. Anaomba ufuo uwe na mtu mmoja wa kupokea habari za wavuvi wote na kuzungumza na sisi. Amempendekeza Mama Benta, mwenyekiti wa akina mama wanaouza omena, dagaa wa ziwani, kwa sababu hakuna mvuvi pale anayethubutu kutopokea simu yake.

Madam amekubali. Tutafanya zoezi Jumanne. Mimi ndiye nitakayeongea na huyo Mama Benta.

Barua haina neno lolote kwangu mimi. Nilitegemea nini? Salamu kwenye barua ya ofisi?

Jumanne, 11 Machi

Zoezi. Hasira tupu.

Mpango ulikuwa rahisi. Vijana kumi na wawili wa ufuo wakae kwenye boti iliyoegeshwa karibu na nchi kavu, wajifanye wamezama. Wavuvi wawatoe. Mama Benta anipigie simu aniambie wangapi wametolewa. Nikamuuliza wangapi. Akasema wako wengi. Nikauliza tena. Akasema wanaendelea kutoka. Mara ya tatu nikapandisha sauti.

"Mama, mimi siwezi kuhesabia wewe watu wakiwa kwa maji," akasema. "Hapa kwetu hatufanyi hivyo. Ukihesabu mtu kabla hajakanyaga mchanga, ni kama umeambia ziwa bado kuna mwingine."

Nikamwambia hili ni zoezi, maji yenyewe yanawafika magotini. Akasema maji ni maji.

Nikakata simu, nikawasha redio nimlalamikie Usenge. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema wazee wa ufuo ule hawapendi kuhesabu watu walio majini, amewakuta hivyo, na yeye huhesabu mwenyewe akiwa ndani ya boti. Akasema muulize majina. Majina atakupa.

Nikampigia tena Mama Benta. Majina alinipa yote kumi na mawili, na majina ya mama zao, na ni nani kati yao hajaoa. Nikaandika mpaka kidole kikauma. Zoezi la dakika ishirini likamaliza saa nzima. Kwenye fomu nikaandika kwamba njia hii ni ndefu mno na haifai.

Ila Owino alikohoa katikati ya maneno yake. Ni kikavu.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua za masika zimeanza kubisha. Upepo umegeuza kichwa chini kile kibanda cha mama wa chapati nje ya geti letu.

Nimeandika ujumbe kwenye simu. "Chukua asali na ndimu." Nimeufuta. Nimeandika, "Lavenda anasema unakohoa." Nimeufuta. Nimeandika, "Ulisema ukweli." Huo niliuangalia mpaka taa ya simu ikazima yenyewe. Kisha nikaenda kufua mashuka yaliyokuwa safi.

Mwoga. Nimeliandika hapa kwa kuwa hakuna wa kulisoma.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa bado kwenye kiti cha redio. Zamu imekwisha na Wycliffe amechukua vifaa vya masikio, lakini sijaondoka. Acha niandike kwa mpangilio nisije nikasahau.

Jumamosi ni siku ya mazishi, na kwaya moja ya kanisa ilikuwa imevuka kwenda kisiwani kuzika. Wakati wa kurudi upepo wa mvua ukawakuta katikati, injini ikazima, mawimbi yakaingia, boti ikalala ubavu. Saa tisa na nusu mvuvi mmoja akampigia simu Mama Benta. Mama Benta akanipigia mimi. Nikampa Owino habari. Akairudia neno kwa neno, na nyuma yake nikasikia injini yake tayari inanguruma.

Nahodha wa boti iliyozama aliokolewa mapema. Alisema walipanda watu kumi na saba, yeye akiwemo. Kumi na saba. Nikaandika ubaoni.

Wavuvi walikuwa na mitumbwi miwili pale. Owino akafika wa tatu. Ambulensi ya Bondo ikaegesha ufuoni. Kwa nusu saa sikuinua kichwa. Owino alikuwa akiniambia kila anayemtoa, nami namrudishia. Mmoja. Wawili. Wanne. Sauti yake ilikuwa imetulia kama zamani akiniendeshea gari kwenda kwa mama yangu, ananihesabia vituo. Nitasema aibu yangu: katikati ya balaa lile nilikuwa na furaha. Tulikuwa tunaongea.

Saa kumi na dakika tano akaita kituo chetu, "Kontroo, mimi nina tisa. Mitumbwi ya wavuvi ina wanane. Jumla kumi na saba. Wote wametoka. Tunarudi."

Wycliffe akapiga meza kwa furaha. Madam, aliyekuwa amekuja mbio kutoka nyumbani na viatu visivyofanana, akasema asante Yesu. Nami mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka useme lile neno. Sawa. Lilikuwa kwenye ulimi.

Nikaiona karatasi ukutani.

Nikamrudishia: tisa kwako, wanane kwa wavuvi, jumla kumi na saba. Kisha nikasema kabla sijafunga tukio nataka majina.

Akasema, "Kontroo, nimehesabu mwenyewe." Alisema kwa ukali, na vituo vyote vilisikia. Najua alichofikiria. Alifikiri nalipiza kisasi cha Julai.

Nikasema nataka majina. Sikubembeleza.

Walipofika mchangani nikampigia Mama Benta. Akatembea kutoka kwa mtu hadi mtu akiwagusa mabega. Kila jina alilitaja mara mbili, nami nililirudia. Sasa walikuwa wamekanyaga mchanga, kwa hiyo hakuwa na tatizo na hesabu, lakini mimi nilikuwa nalo. Nilifika jina la kumi na sita, akanyamaza. Nikamwambia endelea. Akasema, "Mama, wamekwisha."

Mwalimu wa kwaya alikuwa amehesabiwa mara mbili. Wavuvi walimtoa yeye kwanza, wakamhesabu. Alikuwa amelegea, wakamhamishia kwenye boti ya Owino yenye machela, na Owino akamhesabu. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alihesabu alichokuwa nacho mkononi.

Mama Benta akageukia kwaya, akauliza nani hayupo. Nikasikia kwenye simu wanaangaliana. Kisha mwanamke mmoja akapiga ukemi. Pamela. Yule anayeshika sare za kwaya. Alikuwa ameketi nyuma kabisa na mabunda yake.

Nikamwambia Owino. Hakubishana. Alirudia tu: "Mmoja bado. Mwanamke, Pamela, aliketi nyuma." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Akasema mwenzake anabaki ufuoni na waliotolewa, kisha nikasikia injini.

Mawimbi yalikuwa yamezidi. Nilikuwa na haki ya kumkataza, imeandikwa kwenye kanuni. Sikumkataza. Saa kumi na dakika hamsini akasema anaona kitu cheupe majini. Halafu redio ikawa kimya.

Usenge, Usenge. Hakuna. Usenge, Kontroo hapa. Hakuna. Kila dakika mbili, kama kanuni inavyosema. Wycliffe aliacha kutafuna kalamu. Madam alishika kiti changu kwa nyuma. Dakika kumi. Dakika ishirini. Mama Benta kwenye simu ananiambia haoni boti, mvua imefunika. Usenge, Usenge. Nilikumbuka mazishi ya mama mkwe wangu, Owino amesimama kando ya jeneza na koti kubwa. Nilimwona Lavenda amesimama hivyo hivyo kando ya jeneza la baba yake. Nilifikiri kwamba jina la mwisho ambalo mume wangu alinitajia lilikuwa la mwanamke mwingine, na kwamba neno langu ambalo angekufa nalo lilikuwa "sawa."

Dakika ya thelathini na moja nikasema, "Baba Lavenda. Baba Lavenda, nijibu."

Kwenye chaneli ya wote. Ahero walisikia, Maseno, Bondo, kila mtu. Imerekodiwa. Sijali.

Hakujibu. Dakika tisa nyingine. Kisha Mama Benta akapiga kelele kwenye simu mpaka nikaitoa sikioni. Boti inaonekana. Inakuja. Kuna mtu amelala ndani na mwingine anaendesha. Nikamuuliza ni nani anaendesha. Akasema ngoja. Nikamuuliza tena. Akasema, "Mama, ngoja akanyage mchanga."

Nilingoja. Mungu wangu, nilingoja.

"Owino Baba Lavenda," akasema. "Na Pamela wa sare. Wote wazima."

Alikuwa ameruka majini kumfikia, na redio ikiwa kifuani, ikaingia maji. Pamela alikuwa amekumbatia bunda la sare lililofungwa kwenye nailoni. Ndilo lililomwelesha.

Watu kumi na saba. Nimeandika ubaoni kwa majina.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Nimelala mpaka saa nne, kisha nikakaa jikoni nikiangalia sufuria.

Lavenda amemwona. Hana jeraha, kikohozi tu na usingizi. Anasema baba yake ameuliza kama ni kweli niliita jina kwenye redio, au wavuvi wanamtania. Nikamuuliza alimjibu nini. Akasema, "Nilimwambia akuulize mwenyewe."

Hajauliza. Amepewa redio mpya lakini leo si zamu yangu. Maneno kumi ya leo amepata Wycliffe.

Jumatatu, 17 Machi

Ala! Kumbe bado hayajaisha.

Madam anataka ripoti ya Jumamosi, iandikwe na aliyekuwa kwenye kiti cha redio. Yaani mimi. Nimeketi nayo tangu asubuhi. Nimeandika simu ya kwanza, saa, mitumbwi, ambulensi. Nimefika saa kumi na dakika tano na kalamu imesimama.

Nahodha wa Usenge alisema wote wametoka. Hawakuwa wametoka. Alihesabu mtu aliyekwisha kuhesabiwa, hakuuliza wavuvi huyu mmemhesabu, akaanza kurudi huku mtu mmoja yuko majini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nikiandika hivyo atapewa onyo, kama langu. Ataketi mbele ya kamati ya watu saba asomewe maneno ya mkewe.

Wycliffe anasema niruke sentensi hiyo. Si Pamela alipatikana? Nani atauliza? Anasema kwa wema, na nusura nimkubalie.

Lakini nikiiruka, mwezi ujao boti nyingine itahamisha mtu kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, na watamhesabu mara mbili, na hakutakuwa na yeyote wa kudai majina. Hakuna kanuni ya majina. Kuna fomu yangu tu inayosema majina ni njia ndefu isiyofaa. Hiyo nayo nitaiandika.

Sasa najua jinsi alivyokaa Julai na karatasi yake. Nilidhani iliandikwa na mtu aliyeacha kunipenda. Alikunywa uji wangu wote asubuhi ile na pengine haukupita kooni.

Nimeandika yote. Ukurasa mmoja na nusu. Sijaipeleka. Kuna jambo moja ambalo yeye hakulifanya, nami nitalifanya.

Jumanne, 18 Machi

Nimeomba ruhusa ya siku moja. Nilifika Usenge saa nne asubuhi, ripoti ikiwa kwenye mkoba, na chupa ya asali.

Omena zilikuwa zimeanikwa kwenye nyavu mpaka mlangoni pa kituo, ikabidi nipite kwa ncha za vidole huku akina mama wakinicheka. Mmoja mnene mwenye leso ya manjano akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Sauti nikaijua kabla hajamaliza salamu. Mama Benta. Nilikuwa nimemfikiria mrefu. Nikamwambia nisamehe kwa kukupandishia sauti siku ya zoezi. Akasema ilikuwa zoezi, hata sauti ilikuwa ya zoezi.

Owino alikuwa anafungua injini. Amekonda kweli. Mvi zimeongezeka juu ya masikio na hakuna aliyeniambia. Nilitaka kuweka kiganja changu pale. Nikatoa karatasi.

Nikamwambia hii ni ripoti ya Jumamosi, naipeleka kesho, nataka aisikie kutoka kwangu kwanza. Nikamsomea yote. Nilipofika saa kumi na dakika tano nilisoma kwa haraka mno, nikarudia sentensi ile mwanzo ili isikike vizuri. Aliendelea kufuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Nilipomaliza alisema hakuna kosa hapo. Niipeleke vile vile.

Basi nikasema yale mengine. Nilikuwa nimeyapanga kwa wiki, yakaja mafupi. Nikasema nilijibu sawa na sikuwa nimesikia. Nikasema ulichoandika kilikuwa kweli. Nikasema nilikufukuza kwa sababu ya ukweli. Nikasema nataka urudi nyumbani.

Alirudi kwenye injini. Mawimbi, akina mama, kasuku wa fundi mmoja wa nyavu akipiga mluzi. Nikafikiri, basi, nimechelewa, mtu hawezi kufukuzwa akakaa akingoja.

Kisha akayarudia. Yote manne, kwa mpangilio, neno kwa neno, macho kwenye injini. Ulijibu sawa na hukuwa umesikia. Nilichoandika kilikuwa kweli. Ulinifukuza kwa sababu ya ukweli. Unataka nirudi nyumbani. La nne alilisema polepole kuliko mengine.

Akasema na yeye ana lake. Ile ripoti ya Julai aliandika bila kuniambia, akaogopa uso wangu, akaniacha nisomewe mbele ya watu. Angeniambia jikoni. Alijua hivyo hata akinywa uji.

Nikarudia. Nililia katikati, ikabidi nianze upya. Alingoja mpaka nikalipata lote.

Zamu zake za Usenge hazijaisha, na baada ya onyo hataweza kuomba uhamisho haraka. Tuliliongea hilo kama watu wazima: akipata ofu, siku ya kupumzika zamu, atakuja nyumbani. Alinisindikiza mpaka barabarani. Hatukukumbatiana, kwa kuwa ufuo mzima ulikuwa unatazama. Alinishika kiwiko. Bado nausikia mkono wake.

Jumatano, 19 Machi

Nimepeleka ripoti. Madam aliisoma mara mbili, akaniangalia juu ya miwani. Mchana alileta kalamu nyekundu akaongeza mstari chini ya karatasi ya ukutani: ULIZA MAJINA.

Onyo la Owino litakuja. Nimemwandikia ujumbe na sikuufuta. Amejibu kwamba asali ni nzuri.

Nyumba ni kimya kuliko jana. Nilidhani nikishasema nitapumzika. Kumbe sasa ndio namtaka zaidi, maana nimekiona kituo chake na najua anakotazama akinifikiria.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua nyepesi tangu alfajiri. Mama wa chapati amejenga upya kibanda chake.

Saa moja kamili nimeita vituo. Ahero. Maseno, redio yao bado inakoroma. Bondo. Chai yangu ilikuwa bado nusu nilipofika Usenge.

"Usenge hapa. Nakusikia vizuri. Watu wawili, boti moja, mafuta yametosha." Nikajua yamekwisha, yale kumi. Nikafungua mdomo nirudie.

"Jumamosi niko ofu," akasema.

Chaneli ya wote. Wycliffe aligeuka na kiti kizima. Bondo waliacha kutafuna.

Nikairudia kama kanuni inavyotaka, sikuruka kitu. Watu wawili, boti moja, mafuta yametosha. Jumamosi uko ofu.